Nördlingen: mji wa Bavaria uliojengwa ndani ya shimo la jiwe kutoka angani

Kila tunapokizungumzia hewani Kimondo cha Mbozi, swali moja halikosekani: je, jiwe kutoka angani likiwa kubwa kuliko lile, linaweza kufanya nini? Jibu mojawapo liko Ujerumani, katika mji mdogo ambao wakazi wake waliishi juu ya jibu hilo zaidi ya miaka elfu moja bila kulijua. Walilima udongo wake, wakachonga mawe yake na kujengea kanisa. Ni mwaka 1960 tu ndipo ukweli ulipothibitishwa.

Mji huo unaitwa Nördlingen. Makala haya yanaeleza ulipo, ulivyoanza, yaliyoupata, na kwa nini hadi leo ukuta wake wa kale umesimama mzima.

KWA UFUPI

Mahali: jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani, takribani kilomita 110 kaskazini-magharibi mwa jiji la Munich.
Wakazi: karibu 20,000.
Wilaya: Donau-Ries.
Mto: Eger, mto mdogo unaopita mjini.
Unajulikana kwa: ukuta wa mviringo wa kilomita 2.7, mnara wa kanisa wenye urefu wa karibu mita 90, na bonde la Ries lililochimbwa na jiwe kutoka angani.

BONDE LA DUARA

Ukiwa Nördlingen na kutazama pande zote, unaona nchi tambarare yenye mashamba ya nafaka, na kwa mbali vilima vimeizunguka kama ukingo wa sinia. Tambarare hiyo ndiyo Ries. Upana wake ni kama kilomita 25, na vilima vya ukingoni vimeinuka kati ya mita 100 na 150 juu ya sakafu ya bonde. Mji hauko katikati kabisa. Umesogea kidogo upande wa kusini-magharibi.

Kwa msikilizaji aliyefika Ngorongoro, picha hii si ngeni. Ngorongoro nayo ni duara, upana wake kama kilomita 20, na kingo zake ni ndefu zaidi, zipatazo mita 600. Lakini asili zao ni tofauti kabisa. Ngorongoro ilikuwa mlima wa volkano. Ulipotapika moto wake na kubaki na uwazi tumboni, kilele kikaporomoka na kudidimia. Kilichoifanya Ngorongoro kilitoka chini ya ardhi. Kilichoifanya Ries kilitoka juu.

SIKU ILE YA MIAKA MILIONI 15 ILIYOPITA

Wanajiolojia wanakadiria kwamba karibu miaka milioni 15 iliyopita, kabla binadamu hajakuwapo duniani, jiwe kutoka angani lenye upana wa zaidi ya kilomita moja lilishuka juu ya eneo hilo. Kasi yake inakadiriwa kuwa kama kilomita 20 kwa sekunde moja. Kwa kasi hiyo, safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro ingechukua chini ya sekunde 10.

Kitu kikubwa kikigonga ardhi kwa kasi ya namna hiyo hakijichimbii shimo na kutulia humo kama mkuki. Nguvu yake yote hugeuka joto na mshindo kwa mara moja. Jiwe lenyewe liliyeyuka na kuwa mvuke. Miamba ya chini ilipasuka, ikasagika, mingine ikayeyuka, na mingine ikarushwa mbali. Shimo la kwanza lilikuwa na kina cha kilomita kadhaa, kisha kingo zake zikaporomokea ndani na shimo likapanuka hadi kufikia upana tunaouona leo. Yote hayo yalimalizika ndani ya dakika chache.

Mabaki ya siku ile yalisambaa mbali sana. Vipande vya kioo cha rangi ya kijani, vinavyoitwa moldaviti, huokotwa katika nchi ya Cheki, kilomita mia kadhaa kutoka Ries. Hicho ni kioo kilichotokana na mchanga wa juu ya ardhi, ulioyeyuka na kurushwa angani kabla ya kupoa.

Kama kilomita 40 kutoka hapo kuna shimo jingine dogo, la Steinheim, lenye upana usiofika kilomita nne. Wataalamu wengi wanaamini kwamba mawe mawili yalikuja pamoja, moja likiwa kubwa na jingine dogo.

Baada ya hapo maji yalijaa shimoni, likawa ziwa. Kwa miaka mingi sana matope yalitua chini, tabaka juu ya tabaka. Ziwa lilipotoweka, na upepo wa zama za barafu ukaleta vumbi laini la rutuba, kilichobaki ni bonde la kilimo ambalo wakulima wa Bavaria wanalithamini hadi leo. Balaa la siku moja liliacha shamba.

WATU WA KWANZA

Binadamu walilijua bonde hili mapema. Mwaka 1908, katika mapango ya Ofnet yaliyo kwenye ukingo wa Ries karibu na Nördlingen, wachimbaji walikuta mafuvu zaidi ya 30 ya watu wa zama za mawe, yamepangwa pamoja kama mayai kwenye kiota. Baadaye Warumi nao walifika, wakaweka ngome na mashamba.

Jina la Nördlingen linaonekana katika maandishi mwaka 898, likiwa makao yenye shamba yaliyotolewa kwa askofu wa Regensburg. Mwaka 1215 mji ulitoka mikononi mwa askofu na kuwa chini ya Mfalme Frederick II. Tangu hapo ukawa mji huru wa dola, maana yake haukuwa na kabaila wa kuuamrisha. Ulijibu kwa mfalme mkuu moja kwa moja, ukajiendeshea mahakama, soko na ulinzi wake.

Soko ndilo lililoupa utajiri. Maonyesho ya biashara ya Nördlingen, yanayofanyika baada ya sikukuu ya Pentekoste, yanatajwa tangu mwaka 1219. Wafanyabiashara walitoka miji ya mbali kuja kuuza na kununua nguo, ngozi na bidhaa nyingine. Watengeneza ngozi walijenga nyumba zao kando ya Mto Eger kwa sababu kazi yao inahitaji maji mengi. Nyumba hizo ndefu, zenye sehemu za juu za kuanikia ngozi, bado zinaonekana.

UKUTA NA MNARA

Mwaka 1238 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Ukajengwa upya. Watu walipozidi na kufurika nje ya ukuta wa kwanza, mwaka 1327 Mfalme Ludwig wa Bavaria aliagiza ukuta mpya ujengwe kuzunguka hata vitongoji vya nje.

Ukuta huo ndio uliopo leo. Una malango matano: Baldinger, Löpsinger, Deininger, Reimlinger na Berger. Juu yake kuna njia ya kutembea iliyoezekwa paa, na mgeni anaweza kuuzunguka mji wote bila kushuka chini na bila kulipa kiingilio. Ni matembezi ya kama saa moja kwa mwendo wa kawaida.

Katikati ya mji liko Kanisa la Mtakatifu Georg. Ujenzi wake ulianza mwaka 1427 na kukamilika mwaka 1505. Mnara wake, ambao wenyeji wanauita Daniel, una ngazi 350. Mawe yake yalichimbwa kwenye machimbo ya bonde lilelile. Ni jiwe la kijivu lenye madoadoa meusi ya kioo, si gumu sana, na fundi analichonga bila taabu kubwa. Linaitwa sueviti, kutokana na jina la Kilatini la eneo la Schwaben. Shika jina hilo, maana tutalirudia.

Juu ya Daniel kuna mlinzi hadi leo. Kila usiku, kuanzia saa nne hadi saa sita, kila nusu saa hutoa sauti kuelekea chini: "So, G'sell, so!" Kwa Kiswahili ni kama kusema, "Sawa, mwenzangu, sawa!"

Wenyeji wana hadithi ya asili ya mwito huo. Wanasimulia kwamba mwaka 1440 kabaila wa jirani aliwahonga walinzi wa lango waliache bila komeo ili askari wake waingie usiku. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita akamwona nguruwe anajikuna kwenye lango, na lango likacheza. Akapiga kelele, mji ukaamka, ukapona. Hiyo ni hadithi, na nguruwe wake wamekuwa alama ya mji. Ukweli uliomo ndani yake ni huu: ukuta wa mawe hauna maana kama aliyeshika ufunguo amenunuliwa.

MIAKA YA KUWINDA WACHAWI

Si kila adui alitoka nje. Kati ya mwaka 1589 na 1598 Nördlingen iliingiwa na homa ya kuwasaka wachawi. Wanawake 34 na mwanamume mmoja waliuawa. Utaratibu ulikuwa uleule kila mara: mtu anatajwa, anakamatwa, anateswa mpaka akiri, kisha anateswa tena mpaka awataje wengine. Orodha ikawa haina mwisho, maana kila anayeumia husema chochote ili maumivu yaishe.

Mwaka 1593 alikamatwa Maria Holl, mama aliyekuwa akiendesha nyumba ya wageni pamoja na mumewe. Waliomtesa walimrudisha chumba cha mateso zaidi ya mara 50. Hakukiri. Hakumtaja mtu. Ndugu zake wa mji wa Ulm walimpigania kwa barua na wajumbe, na mwezi Oktoba mwaka 1594 wakuu wa mji walilazimika kumwachia. Baada yake, ule moto ulipungua nguvu. Watu walikuwa wameona kwa macho yao kwamba kama mmoja hakukiri, basi waliokiri nao huenda hawakuwa na kosa lolote.

Leo kuna chemchemi ya kumkumbuka Maria Holl mjini Nördlingen. Katika maeneo yetu bado wapo bibi zetu wanaoogopa kulala kwa sababu ya macho mekundu na maneno ya jirani. Kwa hiyo habari ya mama huyu haitupiti mbali.

VITA VYA 1634

Kati ya mwaka 1618 na 1648 nchi za Ujerumani zilikuwa katika Vita vya Miaka Thelathini, vilivyochanganya dini na ugomvi wa wafalme. Nördlingen ulikuwa mji wa Kiprotestanti tangu miaka ya 1520. Mwezi Agosti mwaka 1634 jeshi la dola, la upande wa Kikatoliki, liliuzingira.

Watu wa mji walifunga malango wakasubiri msaada wa Waswidi. Jeshi la Waswidi na washirika wao, likiongozwa na Gustav Horn na Bernhard wa Saxe-Weimar, lilifika, lakini jeshi la Uhispania nalo lilikuwa limekwisha kuungana na lile la dola. Tarehe 5 na 6 Septemba walipigana kwenye vilima vya kusini-magharibi mwa mji. Waswidi walishindwa vibaya. Maelfu walikufa na Horn mwenyewe akakamatwa.

Mji ulijisalimisha. Ulilipa fedha nyingi ili usiporwe, lakini njaa na tauni vilikuwa vimeshaingia. Nördlingen ilipoteza zaidi ya nusu ya watu wake. Mwaka huohuo wa 1634 Maria Holl naye alifariki, akiwa mzee. Miaka 11 baadaye, Agosti 1645, vita vingine vikubwa vilipiganwa katika kijiji cha Alerheim, ndani ya bonde lilelile.

Biashara haikurudi kama zamani. Maonyesho yaliendelea, lakini wafanyabiashara wakubwa walishika njia nyingine. Mji uliokuwa umefurika mpaka ukahitaji ukuta mpya sasa ulikuwa na nafasi tupu ndani. Kwa miaka mingi hakukuwa na haja ya kujenga nje, wala fedha nyingi za kubomoa majumba ya kale ili kuweka mapya. Miji mingi ya Ulaya ilipoangusha kuta zake ili kupanuka, Nördlingen ilibaki nao wake. Kile ambacho watalii wanakuja kukipiga picha leo kilihifadhiwa na umaskini.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mji ulipoteza uhuru wake na kuingizwa Bavaria. Mwaka 1849 reli ilifika, na polepole nyumba zikaanza kuota nje ya malango.

JIWE LINAPOSEMA KWELI

Muda wote huo, sueviti ilikuwa pale ukutani mwa kanisa. Wasomi waliitazama, wakaona vioo vilivyoyeyuka ndani yake, wakahitimisha kwamba Ries ilikuwa volkano. Kosa hilo lilikuwa na sababu: jiwe lililoyeyushwa na mshindo linafanana sana na jiwe lililotapikwa na mlima. Mwaka 1904, na tena mwaka 1936, walijitokeza watu waliosema huenda ni jiwe la angani. Wengi hawakuwasikiliza.

Mwaka 1960 mwanajiolojia Mmarekani Eugene Shoemaker alifika Ries na kuchukua vipande vya sueviti. Yeye na mwenzake Edward Chao walivichunguza, wakakuta ndani yake madini yanayoitwa koesiti.

Koesiti ni ndugu wa mchanga wa kawaida. Ni madini yaleyale yanayometa kwenye mchanga wa mtoni, ila yamebanwa kwa nguvu kubwa mno hadi chembe zake zikajipanga upya. Volkano haina uwezo wa kubana miamba ya juu ya ardhi kiasi hicho. Mgongano wa jiwe la angani unaweza. Kipande kidogo cha jiwe kikamaliza ubishi wa miaka mingi.

Baadaye ilionekana pia kwamba sueviti ina almasi. Msikilizaji, usifunge mizigo. Almasi hizo ni chembe ndogo mno, nyingi hazionekani bila darubini, na hazina bei sokoni. Lakini ni kweli kwamba kuta za Kanisa la Mtakatifu Georg zina almasi ndani yake.

WANAANGA WANAKUJA SHULE

Mwezi uliojaa mashimo unayoyaona usiku umechimbwa na migongano kama ule wa Ries. Kwa hiyo Marekani ilipojiandaa kupeleka watu zaidi huko, iliwaleta baadhi yao Nördlingen. Mwezi Agosti mwaka 1970, Alan Shepard, Edgar Mitchell, Eugene Cernan na Joe Engle walitembea kwenye machimbo ya Ries, wakijifunza kutambua jiwe lililopigwa na kuamua lipi libebwe na lipi liachwe.

Shepard na Mitchell walitua mwezini Februari 1971 kwa chombo cha Apollo 14. Cernan alitua Desemba 1972, na ndiye mtu wa mwisho wa safari za Apollo kuacha nyayo zake kule.

Mwaka 1990 mji ulifungua jumba la makumbusho la Ries ndani ya ghala la kale la mazao. Humo kimehifadhiwa kipande cha jiwe la mwezini kilicholetwa na Apollo 16. Mwaka 2022 UNESCO iliiingiza Ries katika orodha ya hifadhi za jiolojia za dunia.

Kwa wapenzi wa soka, kuna jina moja zaidi. Gerd Müller alizaliwa Nördlingen tarehe 3 Novemba 1945 na kuanzia mpira katika klabu ya mji huo kabla ya kwenda Bayern Munich mwaka 1964. Aliifungia Ujerumani Magharibi mabao 68 katika mechi 62, likiwemo la ushindi katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1974. Uwanja wa mji wake sasa unaitwa kwa jina lake.

NASI TUNAJIFUNZA NINI

Wakulima wa Ries hawakuwa wajinga. Walilijua jiwe lao kwa kazi: lipi linachongeka, lipi linafaa kwa msingi, udongo upi unaotoa nafaka. Hawakujua tu lilikotoka, na wasomi wa miaka mingi nao hawakujua. Ilibidi mtu atazame kwa makini jiwe ambalo wengine walipita wakilizoea.

Kimondo cha Mbozi nacho kilijulikana kwa wenyeji kabla wageni hawajakiandika. Kipo mkoani Songwe, kina urefu wa karibu mita tatu, na sehemu yake kubwa ni chuma. Kwa hiyo ukikuta shambani jiwe jeusi, zito kupita kiasi kwa ukubwa wake, na sumaku inalishika, usilivunje wala usilitupe. Huenda ni chuma cha kawaida, na huenda siyo. Weka alama mahali ulipoliokota, kisha wape taarifa viongozi wa kijiji ili walifikishe kwa wataalamu wa madini.